Masaji ya Kithai: ilikotoka, inachotibu na inachosingiziwa

#1 Broka wa Mahenge (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa maumivu ya mgongo niliandika mstari mmoja tu, kwamba mgongo wangu ulinyooshwa Bangkok, nikashambuliwa kama nimeiba kuku. Wengine mkacheka kicheko kile mnachokijua. Basi leo nimekaa na chai yangu, nashusha uzi mzima. Mwenye haraka apite, nitarefusha.

Kazi yangu ni mawe. Nanunua spineli Mahenge na yakuti Tunduru, nikipata mzigo wa kueleweka naupandisha ndege mpaka Bangkok, kwa sababu wakataji na wanunuzi wa vito vya rangi wamejaa kule. Wazee wa Tunduru mnakumbuka miaka ya tisini Wathai walivyofurika pale mjini na tochi zao. Sasa kazi hii ukiiona kwa mbali utadhani ya starehe. Ukweli ni kuinama juu ya meza tangu asubuhi, kibano mkono huu, lenzi jicho lile, shingo imepinda kama ya korongo. Changanya na basi la Ifakara, changanya na ndege ya usiku kucha, utaelewa kwa nini mwaka ule niliingia mtaa wa Silom natembea kama babu wa miaka tisini.

Mwenyeji wangu ni mama mmoja wa makamo, amekata mawe maisha yake yote. Alinitazama ninavyoinuka kwenye kiti, akasema neno moja: *nuat*. Yaani kukanda. Nikamwambia mama, mimi nina mke na watoto. Hakuelewa, au alielewa akanidharau. Akasimamisha tuktuk, tukaenda kushukia hekaluni.

Naam, hekaluni. Panaitwa Wat Pho, jirani na kasri la wafalme, karibu na mto Chao Phraya. Watalii wengi wanaingia kumwona Buddha aliyelala, sanamu ya dhahabu yenye urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, wanapiga picha za nyayo, wanatoka. Mama akanivuta upande mwingine, kwenye kibanda chenye mabamba ya mawe ukutani. Kwenye mabamba kumechorwa mtu, mara mbele mara nyuma, mwili wote umejaa vidoto na mistari, na kila kidoto kimeandikiwa maelezo. Mimi mtu wa mawe, mkono ukaenda wenyewe kupapasa. Nikachapwa kofi la mkono na mama.

Michoro hiyo iko 60. Iliwekwa na mfalme Rama wa Tatu, aliyetawala 1824 hadi 1851. Alipolikarabati hekalu aliamuru elimu ya nchi ichongwe kwenye mawe: dawa, ushairi, historia, kukanda. Maandishi yote pamoja ni zaidi ya 1,400, na UNESCO iliyaingiza kwenye rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011. Fikirieni jambo hilo kidogo. Zama ambazo mganga aliificha elimu yake mpaka kaburini, mfalme anaibandika ukutani asome yeyote apitaye.

Naja na sehemu ya pili, kuna mteja ananipigia.

#2 Karanga za Kukaanga

Nimeshakaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

#3 Mtukutu wa Sinza

Mkuu, hekalu tumelielewa. Sasa ruka mpaka kwenye chumba chenye taa nyekundu 😂😂

#4 Broka wa Mahenge

Mtukutu, nilijua utakuja. Nikujibu mara moja, tusirudie tena.

Vyumba hivyo vipo, sibishi. Ila vina historia yake mbali kabisa na hii. Wakati wa vita vya Vietnam askari wa Marekani walikuwa wakipelekwa Thailand kupumzika, miaka ya sitini mpaka mwanzo wa sabini, na majumba ya bafu, mvuke na "masaji" yakaota kama uyoga kuwahudumia. Sheria ya sehemu za burudani ya mwaka 1966 ikayaweka kapu moja na kumbi za dansi na vilabu vya pombe. Mkandaji wa mgongo wa bibi yako na mwenye danguro wakawa wanaitwa jina moja. Ni mwaka 2016 tu ndipo ilipotungwa sheria ya vituo vya afya, spa na masaji ya tiba vikapata nyumba yao.

Kwa hiyo kicheko chako ni cha umri wa miaka sitini. Mawe ya Wat Pho yana karibu mia mbili.

#5 Mtukutu wa Sinza

Nimepigwa na kitu kizito. Endelea.

#6 Broka wa Mahenge

Sehemu ya pili, asili.

Ukiingia darasa la kukanda kule, kabla hujagusa mtu unaunganisha viganja, unainamisha kichwa, unasoma sala ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, inayomtaja Shivago Komarpaj. Huyu ndiye anayeitwa baba wa tiba. Kwenye maandiko ya Kibudha jina lake ni Jivaka Komarabhacca, tabibu wa mfalme Bimbisara wa Magadha kule India, na tabibu wa Buddha mwenyewe. Kisa chake kitamu. Kijana alikwenda Taxila kusomea utabibu, akakaa miaka saba. Siku ya mtihani mwalimu akamwambia chukua jembe, zunguka mji, niletee mmea ambao haufai kuwa dawa. Akazunguka, akachimba, akarudi mikono mitupu: mwalimu, sikuuona. Akaambiwa basi umefuzu, nenda nyumbani.

Kutoka kwake, wanasema, elimu ikasafiri na watawa mpaka Siam, yaani Thailand ya zamani, na ndiyo maana masaji hii ina umri wa miaka 2,500.

#7 Mwalimu Chogo

Broka, uzi mzuri lakini hapo umeteleza. Nimesoma visa hivyo vya Jivaka. Anatoa dawa, anampasua tajiri mmoja kichwa na kumshona, anamtibu mfalme kidonda cha mahali pa aibu. Hakuna alipomkanda mtu mgongo, wala alipokanyaga Siam. Na dola ya kwanza kubwa ya Wathai wenyewe, Sukhothai, ni ya karne ya 13. Hiyo miaka 2,500 ni ya kwenye mabango ya spa.

#8 Broka wa Mahenge

Mwalimu, umenikamata, na kweli nilitaka kuona nani ataamka. Ndiyo maana nikaandika "wanasema".

Mimi namwona Jivaka kama babu wa ukoo anayetajwa kwenye tambiko. Unamtaja kwa adabu kabla ya kuanza kazi, hakuna anayekuuliza kama ndiye aliyechonga mpini wa jembe lako. Lakini harufu ya India imo, huwezi kuikataa. Wakandaji wa Kithai wanafuata mistari kumi mwilini, wanaiita *sen sip*, yote inaanzia maeneo ya kitovu. Mitatu ya kwanza ni Sumana, Ittha na Pingkhala. Muulize mtu wa yoga, atakwambia Sushumna, Ida na Pingala. Jina limevuka bahari likabadilisha lafudhi kidogo tu, kama sisi tulivyofanya na maneno ya Kiarabu.

Ndani ya mistari hiyo wanasema unapita upepo, *lom*. Mwili kwao ni udongo, maji, upepo na moto. Upepo ukikwama, maumivu. Kazi ya mkandaji ni kuufungulia njia.

Sasa kuhusu ushahidi wa zamani ulioandikwa na mtu aliyeona, mimi namkubali Mfaransa mmoja, Simon de La Loubère. Mfalme Louis wa 14 alimtuma Siam, akafika 1687, mji mkuu ukiwa bado Ayutthaya. Kitabu chake kilitoka 1691. Anasimulia kwamba mtu akiugua Siam jambo la kwanza ni kumwita fundi aufinyange mwili wake wote, na fundi huyo anampanda mgonjwa na kumkanyaga kwa miguu. Anaongeza ameambiwa wajawazito nao hukanyagwa na mtoto mdogo ili wajifungue kwa wepesi. Mfaransa wa watu, na wigi lake kichwani, nadhani alishika moyo.

Hiyo ni miaka 80 kabla Waburma hawajaichoma Ayutthaya mwaka 1767. Moto ule uliteketeza vitabu vya tiba pamoja na mengine, na wafalme wa Bangkok wakaanza kukusanya kilichobaki vichwani mwa watu. Rama wa Kwanza alianza, mjukuu wake Rama wa Tatu akaona karatasi zinaungua, akaenda kwenye mawe. Mimi hapo ndipo nilipomheshimu. Mtu anayejua jiwe haliungui ni mwenzangu.

#9 Karanga za Kukaanga

Kwa hiyo kukanyagwa ndiyo asili yenyewe? Mfalme naye alikuwa anakanyagwa?

#10 Broka wa Mahenge

Thubutu! Hapo ndipo mikondo miwili inapoachana.

Kuna ya kasri, *ratchasamnak*. Mkandaji anaingia kwa magoti, anakaa mbali kadiri ya adabu, hapumulii mkuu usoni, anatumia vidole gumba na viganja tu, mikono imenyooka. Hakuna kiwiko, hakuna goti, unyayo ndiyo kabisa. Na kuna ya wananchi, *chaloeisak*, iliyokulia vijijini kwa wakulima waliorudi kutoka mashamba ya mpunga viuno vimekaza. Huko kila kiungo ni zana: kiwiko, goti, kisigino, na mkandaji anakuvuta, anakukunja, anakunyoosha kama mtu anakamua nguo. Hii ya pili ndiyo iliyozunguka dunia, na ndiyo watu wanaiita yoga ya mvivu.

Kaskazini, upande wa Chiang Mai, wana vituko zaidi. Iko *tok sen*: wanagonga mstari wa mwili kwa nyundo ya mbao na kigingi, na wazee wanasema mbao bora ni ya mkwaju uliopigwa radi. Iko *yam khang*: fundi anachovya unyayo kwenye mafuta ya mitishamba, anaukanyagisha kwenye jembe la chuma lililochomwa moto, halafu anakuwekea mgongoni. Niliona, sikujaribu. Ujasiri wangu unaishia kwenye bei za mawe.

#11 Bi Mwanakheri wa Kibokoni

Wanangu, nawasoma kimyakimya tangu jana. Mwanangu Broka, hayo mambo wewe umeyafuata na ndege, sisi huku Mombasa tumekulia nayo. Mimi nimekanda wazazi miaka mingi. Mwanamke akijifungua anakaa arobaini yake, akandwa kwa maji ya moto na kitambaa, achuliwa na mafuta, tumbo lafungwa kwa kanga mpaka lirudi. Na mtu aliyeingiwa na baridi mifupani twamkanda kwa majani yaliyochemshwa. Je hao Wathai wazazi wao huwafanya nini? Hilo hujalisema, na wanaume hamlikumbuki.

#12 Broka wa Mahenge

Shikamoo Bi Mwanakheri. Ni kweli, nililisahau, na ndilo tamu kuliko yote.

Mzazi wa Kithai wa zamani alikuwa analala karibu na moto, wanaita *yu fai*, maana kwao mwanamke aliyejifungua amepoteza joto la mwili. Na wana kitu kinaitwa *thap mo kluea*: chungu kidogo kinajazwa chumvi, kinapashwa moto mpaka chumvi ianze kualika, kinafungwa kwa kitambaa pamoja na majani, halafu mkunga anakibonyeza taratibu tumboni na viunoni mwa mzazi. Mama mwenyeji wangu alifanyiwa hivyo uzazi wake wa kwanza, anasimulia huku anafumba macho.

Halafu kuna *luk prakop*, furushi la dawa la saizi ya chungwa kubwa, limefungwa kitambaa na kuachiwa kishikio juu. Linapikwa kwa mvuke, linagandamizwa mwilini likiwa moto. Bi Mwanakheri, sikiliza kilichomo: manjano, mchaichai, majani ya mkwaju, maganda ya ndimu ya kwao yenye makunyanzi, chumvi, kafuri, na tangawizi ya mwituni wanayoiita *plai*. Ukitoa hiyo plai, vyote vimekaa jikoni kwako Kibokoni.

#13 Bi Mwanakheri wa Kibokoni

Marahaba. Kafuri na manjano, sasa hapo tumeelewana. Chumvi kwenye chungu nimeipenda. Ila mwambie huyo mama yako asimgandamize aliyepasuliwa. Mzazi wa upasuaji tumbo lake haliguswi mpaka daktari aseme.

#14 Fizio wa Wilayani

Bi Mwanakheri amenifungulia mlango, ngoja niingie. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, niko hospitali ya wilaya moja, na nimesoma uzi huu nikiwa na kalamu mkononi. Historia namwachia Broka na Mwalimu. Nizungumzie faida, maana hapo ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza mistari kumi. Ukifungua mwili huioni. Si mishipa ya damu, si ya fahamu. Lakini kabla hamjacheka, angalieni inapopita: Ittha na Pingkhala zinapita kandokando ya uti wa mgongo, kushoto na kulia. Pale ndipo ilipo misuli mirefu inayokusimamisha, na ndiyo inayokaza mtu akiinama siku nzima kama Broka. Kwa hiyo ramani ina maelezo ya upepo, ila kidole kinaangukia kwenye nyama halisi. Waliopapasa migongo ya watu vizazi na vizazi hawakukosa kujua inauma wapi.

Pili, inasaidia nini? Maumivu ya mgongo wa chini na shingo yatokanayo na misuli, hapo iko imara kiasi. Kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, ulichapishwa 2005, waliwachukua wagonjwa 180 wa mgongo wenye mafundo ya misuli. Kundi moja likapewa masaji ya Kithai, jingine ya Kiswidi ile ya mafuta. Wote wakapata nafuu nzuri, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Mnaona hapo? Imefanya kazi, lakini haikumshinda mwenzake. Na hakukuwa na kundi lililoachwa bila kuguswa, kwa hiyo hatuwezi kupima nafuu ipi ingekuja yenyewe. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgongo ulioanza kuuma karibuni uanze kutibiwa kwa njia zisizo vidonge, kama joto na kukandwa, ingawa walikiri ushahidi wa kukandwa bado ni dhaifu.

Pia inalegeza viungo, kwa sababu nusu ya masaji hii ni kunyooshwa. Na inatuliza. Mtu akibonyezwa taratibu kwa saa nzima, pumzi inashuka, moyo unapunguza mwendo, usingizi wa usiku unakuwa mtamu. Hilo si dogo kwa mtu mwenye mawazo.

Yasiyokuwepo: kutoa sumu mwilini. Sumu inatolewa na ini na figo, kiwiko cha mtu hakiifikii. Kuyeyusha kitambi, hakuna. Kutibu kisukari, kurudisha diski mahali pake, kuongeza nguvu za kiume, hayo ni ya bango. Ukiona mkandaji anakwambia acha dawa za presha, vaa viatu uondoke.

#15 Mtukutu wa Sinza

Hiyo ya nguvu za kiume imenisikitisha binafsi.

#16 Msukuma wa Muscat

Fizio, nakushukuru. Mimi niko Muscat, naendesha gari la mizigo. Nilipata maumivu ya shingo, rafiki akanipeleka mahali wameandika masaji ya Kithai mlangoni kwa maandishi makubwa. Jamaa aliyenishika hata Thailand haijui, aliniambia mwenyewe kajifunzia kwenye simu. Akanishika kidevu na kisogo, akazungusha ghafla, kkhaa! Niliona nyota. Siku tatu kichwa kinauma, mkono una ganzi. Ilipita, lakini tangu hapo nikisikia neno masaji nakunja mabega.

#17 Fizio wa Wilayani

Pole sana ndugu yangu, na shukuru Mungu ilipita. Shingo ndiyo sehemu ninayowaomba watu wakatae kabisa izungushwe kwa ghafla. Kuna mishipa ya damu inapanda ndani ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo. Ikichanika ukuta wake, damu inaganda, mtu anapata kiharusi, hata kijana. Ni nadra, lakini huwezi kuirudisha. Ukibaki na ganzi, kizunguzungu au macho kuona mawili baada ya kushikwa shingo, usisubiri siku tatu. Hospitali siku hiyohiyo.

Na mwingine huu hapa, kwa wasafiri kama Broka. Umekaa kwenye ndege usiku kucha, umeshuka, mguu mmoja umevimba na shavu la mguu linauma, mwenzake mzima. Usiende kukandwa! Inaweza kuwa damu imeganda ndani, na kuibonyeza kunaweza kuling'oa bonge likapanda mapafuni. Pia wana mbinu ya kubonyeza mshipa mkubwa wa kinenani, wanauzuia kwa muda kisha wanauachia ghafla, mguu unasikia joto kama maji ya moto yamepita. Wanaita kufungua mlango wa upepo. Mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo, mwenye mishipa iliyovimba, aikatae.

Wengine wa kujiangalia: mifupa iliyolegea ya wazee, homa, kidonda au mshono mpya, mtu anayekunywa dawa za kuyeyusha damu, mwenye saratani asiyeongea kwanza na daktari wake. Mjamzito aende kwa aliyesomea wajawazito tu, na ile habari ya kukanyagwa na mtoto tuiache kwa Mfaransa. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asiwekewe lile furushi la moto, ataungua bila kujua.

#18 Mwalimu Chogo

Swali kwa wote wawili. Mtu anajuaje kwamba aliyemshika amesoma?

#19 Broka wa Mahenge

Muulize alisoma wapi na kwa jumla ya saa ngapi. Kule wanahesabu saa. Shule ya Wat Pho ilianza 1955, na kozi yao ya msingi kwa mgeni ni saa 30, siku tano, unaondoka na cheti unakipiga picha. Hicho ni cha kumkanda shemeji yako. Kufanya kazi kwenye spa wanataka mtu wa saa 150. Anayekanda kama tiba, kuna mtaala wa saa 800. Ukikutana na mtu kaning'iniza cheti ukutani, soma namba kabla ya jina.

Na wapo wakandaji wasioona. Thailand wamewafundisha wengi, na wana sehemu zao. Mimi sasa nikienda naanzia huko, kwa mzee mmoja ambaye vidole vyake vinauona mgongo wangu kuliko picha ya eksirei. Chiang Mai wana kituo cha gereza la wanawake, wafungwa wanaokaribia kumaliza kifungo wanafundishwa kukanda, wateja wanapanga foleni. Wakitoka wana kazi mkononi.

Mwaka 2019 UNESCO ikaiandika *Nuad Thai* kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwenye kikao chao cha Bogotá. Yule mama aliniambia habari hizo kwa majivuno kama yeye ndiye aliyesaini.

#20 Karanga za Kukaanga

Mkuu, umezunguka hekalu, umezunguka gereza, umezunguka Ufaransa. Mgongo wako je? Siku ile ilikuwaje?

#21 Broka wa Mahenge

Haya, nilikuwa nawavuta.

Nilioshwa miguu kwanza. Nikapewa suruali pana, mtu wawili tungeingia, na shati la kitambaa chepesi. Hakuna kuvua, hakuna mafuta. Godoro jembamba chini sakafuni, kwenye ukumbi wenye watu kumi na kitu wanakandwa, feni juu, kimya. Akaja mwanamke mfupi wa umri wa mama yangu mdogo. Nikasema moyoni huyu hata kifuniko cha chupa hafungui. Akaunganisha viganja, akafumba macho kidogo, akaanza na nyayo.

Nataka muelewe kwamba nyayo zilikuwa za utani. Alivyopanda kwenye mashavu ya miguu nikaanza kukumbuka madeni. Hakutumia nguvu za mkono, alikuwa anaegemea tu, uzito wa mwili wote unashuka kupitia kidole gumba kimoja, taratibu, anahesabu pumzi, anaachia, anasogea upana wa kidole, anaegemea tena. Akifika kwenye fundo anauliza *jep mai?* Inauma? Mimi mwanaume wa Mahenge nikatikisa kichwa hapana. Akaweka kiwiko. Hapo nikajifunza neno langu la kwanza la Kithai, *bao bao*, yaani punguza nguvu. Ukumbi mzima ukacheka, nadhani kila mgeni analijifunza siku hiyohiyo.

Baadaye akanikalisha, akaniambia niweke mikono kisogoni, akapitisha yake kwapani, magoti yake mgongoni mwangu, akanivuta nyuma pole. Mgongo ukalia kuanzia chini mpaka juu kama mtu anakunja gazeti. Shingo hakuizungusha. Aliibonyeza tu pembeni kwa vidole, muda mrefu.

Ilichukua saa mbili. Nilivyosimama sikuwa nimepona, Fizio asije akanishtaki. Maumivu yalikuwepo, ila yalikuwa yametoka kwenye mfupa yakaja juu kwenye nyama, na shingo iligeuka kuangalia bega la kushoto, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Ifakara. Usiku nililala saa tisa mfululizo. Kesho yake mwili uliuma kama nimelima. Siku ya tatu ndipo nikawa mtu.

Lakini alichonipa cha maana zaidi kilikuwa bure. Wakati natoka alinishika mkono, akanipeleka nje kwenye kilima kidogo cha mawe chenye sanamu za wazee wa porini wenye ndevu, kila mmoja amejikunja mkao wake. Ni wale *ruesi*, wahenga wa porini. Rama wa Tatu mwaka 1836 aliamuru zitengenezwe 80, kila moja na shairi lake la kueleza mkao unatibu nini, leo zimebaki ishirini na ushee. Akanionyesha mmoja, akanikalisha vilevile, mkono huu unavuta kiwiko kile, kifua mbele, pumzi ndani. Akaonyesha kwa vidole: kila saa moja mezani, mara tano.

#22 Fizio wa Wilayani

Yule mama angekuja wilayani kwetu ningempa kiti changu. Huo mkao ndio uliokutibu, Broka. Unaufanya bado?

#23 Broka wa Mahenge

Kila siku. Mabroka wenzangu wa Mahenge wanadhani ni dawa ya kupata mteja, wawili wameanza kuiga.

#24 Mtukutu wa Sinza

Swali la mwisho mkuu, bila utani. Uliporudi nyumbani shemeji ulimwambia nini?

#25 Broka wa Mahenge

Ukweli wote, hekalu, suruali pana, kiwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatandika mkeka, akalala kifudifudi akasema haya, nionyeshe. Dakika tano tu akaniambia vidole vyangu vigumu kama kibano, niache. Sasa Bi Mwanakheri, naomba njia ya kufunga furushi lile la manjano na mchaichai lisivuje, maana amesema hilo atalikubali.

#26 Bi Mwanakheri wa Kibokoni

Chukua kitambaa cha pamba kisicho na rangi, ukifue kwanza. Mchaichai uutwange usilainike sana, manjano mbichi si ya unga, la sivyo shuka zote zitakuwa za njano na utalala barazani. Funga kwa uzi wa katani mara saba. Na ulijaribu kwanza kwenye kigasha chako wewe.